Heri Kufa Macho: Maisha ya Aldous Huxley, Msomi Asiye na Picha Akilini

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea, hebu fumba macho kidogo ulifikirie bwalo letu wakati wa kiamsha kinywa: meza ndefu, vikombe, uji unaofuka mvuke. Je, unaviona? Wengine mtasema mnaviona waziwazi kana kwamba mmeketi pale pale. Wengine mtaviona kwa mbali, kama vitu vilivyofunikwa na ukungu. Na wachache watajibu kwamba hawaoni chochote ila giza totoro, ingawa wanajua barabara kikombe ni nini, kina rangi gani na hata kimevunjika mkono upande upi.

Swali hili lina umri mrefu. Mwingereza mmoja kwa jina Francis Galton aliwauliza watu wa nchi yake wakumbuke meza ya kiamsha kinywa, na mwaka wa 1880 akachapisha majibu yao. Alistaajabu kuwapata wanasayansi, watu wenye elimu ya kutajika, waliosema kwamba hawana picha yoyote kichwani na kwamba walidhani wenzao wanaposema "kuona akilini" wanatumia lugha ya mafumbo tu! Jambo hilo lilikaa karibu bila jina kwa zaidi ya karne nzima, hadi mwaka wa 2015 daktari Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake walipoliita afantasia. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya watu 100, mmoja hadi wanne hivi hawaoni picha akilini, au wanaiona kwa shida sana. Si ugonjwa, wala si upungufu wa akili.

Sasa, jambo hili linatuhusuje sisi wana Kiswahili? Linatuhusu sana. Tukiwa katika kipindi cha fasihi, neno taswira halikosi kutajwa. Tunaambiwa tusome shairi kisha tujenge picha akilini. Anayeambulia patupu hunyamaza, akidhani kwamba ushairi si wake na vitabu viliandikiwa watu wengine. Wapo walioiacha fasihi kwa sababu kama hiyo. Ndipo nikaona heri niwasimulie maisha ya mwandishi mmoja mashuhuri aliyekosa macho mawili: yale ya usoni, na yale ya akilini. Naye aliandika vitabu vipatavyo 50.

Aldous Leonard Huxley alizaliwa tarehe 26 Julai 1894 katika mji wa Godalming, kusini mwa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa wa wasomi kwelikweli. Babu yake, Thomas Henry Huxley, ndiye mwanasayansi aliyemtetea Charles Darwin kwa kufa na kupona. Babake, Leonard, alikuwa mwalimu na baadaye mhariri wa jarida. Mamake, Julia, alianzisha shule ya wasichana mwaka wa 1902, naye alikuwa mpwa wa mshairi Matthew Arnold. Kifungua mimba katika familia hiyo alikuwa Julian, kisha Trevenen, kisha Aldous, na kitinda mimba alikuwa msichana, Margaret.

Wakenya wanaweza kuuliza kama jina Huxley si geni masikioni mwao. Naam, si geni. Julian Huxley alizuru Afrika Mashariki mwaka wa 1929 kutoa ushauri kuhusu mafunzo ya baiolojia shuleni, akaandika kitabu juu ya safari hiyo, na mwaka wa 1946 akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Naye Elspeth Huxley, aliyelelewa Thika na kuandika The Flame Trees of Thika mwaka wa 1959, aliolewa na Gervas, binamu yao akina Aldous.

Aldous alikuwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, mrefu kama mlingoti, mpole na mwenye maswali mengi. Mwaka wa 1908 aliingia shule ya Eton. Ndoto yake ilikuwa kufuata nyayo za babu yake katika sayansi, pengine awe daktari. Lakini ajali haina kinga. Muhula wake wa kwanza ulikuwa haujaisha, mnamo Novemba mwaka huo huo, mamake alipoaga dunia kwa ugonjwa wa saratani. Kijana alikuwa na umri wa miaka 14 tu.

Machozi hayajakauka, likaja pigo la pili. Mapema mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka 16, macho yake yalishikwa na ugonjwa mbaya wa konea uitwao keratitisi. Kwa muda wa miezi 18 hivi alikuwa kama kipofu. Ilimbidi ashikwe mkono ili atembee. Shule aliiacha. Darubini ya kuchungulia vijidudu, ambayo mwanasayansi hawezi kuishi bila hiyo, ikawa haimfai tena. Ndoto ya udaktari ikayeyuka kama barafu juani.

Wenzangu, hebu tulipime jambo hili. Mtu mwingine akipoteza macho ukubwani, hubaki na hazina ya picha alizoziweka akilini: sura ya mamake, njia ya kwenda nyumbani, kurasa za vitabu alivyovipenda. Huxley hakuwa na hazina hiyo. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha mwaka wa 1954, alieleza kwamba tangu alipoanza kujitambua hakuwa hodari wa kuona picha akilini. Maneno ya washairi, hata yale mazito, hayakumletea picha. Usingizi ulipokaribia, hakuziona zile sura zinazowajia wengine. Akijikaza kisabuni aliweza kuipata picha hafifu ya jambo la jana, au ya barabara ya London enzi za mabasi ya kukokotwa na farasi. Lakini picha yenyewe haikuwa na uzito wala uhai. Yaani, kijana huyu alifungiwa nje na giza, na ndani pia hapakuwa na taa.

Je, alikata tamaa? Asilani! Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Alijifunza breli, yale maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa vidole, na vitabu vikarudi mikononi mwake. Aliyapata hata manufaa yake, akitania kwamba msomaji wa breli anaweza kusoma kitandani wakati wa baridi bila kutoa mikono nje ya blanketi. (Sisi wa mabweni tunaosoma kwa kujificha taa zikizimwa, bila shaka tunamwonea kijicho!) Alijifunza kupiga piano kwa njia hiyo hiyo, mkono mmoja ukisoma noti za nukta huku mwingine ukizipiga, kisha wakibadilishana zamu. Akajifunza pia kupiga taipu, na kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa ameandika riwaya nzima ya maneno kama 80,000. Riwaya hiyo hakuwahi kuisoma, kwani macho yaliporudi kidogo, muswada ulikuwa umepotea.

Macho yalirudi, lakini nusu nusu. Jicho moja liliweza tu kutofautisha mwanga na giza. La pili lilisaidiwa na lenzi ya kukuzia maandishi. Kwa jicho hilo moja bovu, Huxley aliingia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1913. Akiwa huko, mnamo Agosti 1914, kakake Trevenen, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alijitoa uhai baada ya kulemewa na huzuni nzito. Vita Vikuu vya Kwanza navyo vikawachukua wenzake wengi. Jeshi lilimkataa Huxley kwa ajili ya macho. Alibaki na vitabu vyake, akivisogeza karibu na pua ukurasa baada ya ukurasa, na mwaka wa 1916 akahitimu shahada ya fasihi ya Kiingereza katika daraja la kwanza. Hebu fikirini: fasihi! Somo ambalo wengi wetu hudhani ni la wenye picha kichwani.

Baadaye alirudi Eton kama mwalimu, miaka ya 1917 na 1918. Kusema kweli, hakuwa mwalimu wa kuogopwa. Wanafunzi watundu walijua kwamba haoni hadi viti vya nyuma, basi wakafanya fujo walivyotaka. Lakini wale waliosikiliza walivutiwa na jinsi alivyoteua maneno, kila neno likikaa mahali pake kama jiwe katika ukuta. Miongoni mwa waliofunzwa Kifaransa naye alikuwa Eric Blair, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la George Orwell, mwandishi wa ile riwaya tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama.

Mwaka wa 1919 Huxley alimwoa Maria Nys, Mbelgiji, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume, Matthew. Maria alikuwa zaidi ya mke. Ndiye aliyeendesha gari, ndiye aliyempigia taipu, na ndiye aliyemsomea vitabu kwa sauti, saa nyingi, mwaka baada ya mwaka. Huxley alisikiliza na kuhifadhi. Kichwa chake hakikuwa na albamu ya picha, lakini kilikuwa na kabati lenye droo nyingi, kila droo na wazo lake, na kila wazo limefungwa kamba kwa jingine. Safarini alipenda kubeba juzuu za ensaiklopidia. Mwanafalsafa Bertrand Russell alitania kwamba ukizungumza na Huxley unaweza kujua ni juzuu gani anayoisoma wakati huo, maana mazungumzo yote yangekuwa ya herufi moja!

Riwaya zake zilianza kutoka mwaka wa 1921. Wahakiki waliona jambo moja haraka: wahusika wake hawajulikani sana kwa sura bali kwa mawazo. Wanabishana, wanatetea misimamo, wanagongana kwa fikira. Wengine walimlaumu kwa hilo, na yeye mwenyewe alikiri kwamba hakuzaliwa mwandishi wa riwaya. Lakini alifanya nini? Alitumia alichokuwa nacho. Sikio lake lilikuwa hodari, na kwa muda aliwahi kuwa mhakiki wa muziki katika gazeti moja la London. Basi mwaka wa 1928 akatoa Point Counter Point, riwaya iliyojengwa kama muziki, ambapo visa vinafuatana na kupishana kama sauti za waimbaji wa kwaya.

Kitabu kilichomtia fora ni Brave New World, alichokiandika akiishi kusini mwa Ufaransa na kukichapisha mwaka wa 1932. Humo watoto hawazaliwi bali hutengenezwa katika chupa, na hupangwa katika matabaka kabla hawajavuta pumzi ya kwanza. Wale wa tabaka la chini, wangali wachanga wa kutambaa, huwekewa vitabu vyenye rangi za kupendeza. Wakivigusa tu, kengele hulia kwa kishindo na sakafu huwapiga shoti ya umeme, ili wachukie vitabu hadi kufa kwao. Mtu aliyenyang'anywa vitabu akiwa na miaka 16, kisha akavirudisha kwa ncha za vidole, alijua vizuri thamani ya kitu alichokuwa akikiandika.

Lipo jambo jingine la ajabu. Mtu huyu asiyeona vizuri, asiyeweza kuihifadhi picha akilini, alipenda sana sanaa ya uchoraji. Kwa kuwa hakuweza kuibeba picha kichwani, alirudi mbele yake, akaikaribia na lenzi mkononi, kisha akayatafuta maneno. Katika kitabu chake cha safari cha mwaka wa 1925 aliandika makala kuhusu mji mdogo wa Sansepolcro, Italia, ambako mchoraji Piero della Francesca alichora ukutani picha ya Yesu akifufuka. Huxley aliisifu kuwa picha bora kuliko zote duniani.

Miaka 19 ikapita. Mwaka wa 1944, katika Vita Vikuu vya Pili, ofisa kijana wa Uingereza aliyeitwa Tony Clarke alikuwa na mizinga yake juu ya kilima, ikiuelekea mji huo huo. Mizinga ilikuwa imeanza kufyatuliwa. Ghafla Clarke akakumbuka kwamba jina Sansepolcro aliwahi kulisoma mahali. Lo! Ni mji wenye picha ile bora kuliko zote! Clarke hakuwahi kuiona picha hiyo. Alichokuwa nacho ni maneno ya Huxley tu. Akaamuru mizinga inyamaze. Ilikuja kudhihirika kwamba askari wa Ujerumani walikuwa wamekwisha ondoka, na picha iko salama hadi leo. Wenyeji waliuita mtaa mmoja kwa jina la Clarke, ambaye baada ya vita alihamia Afrika Kusini na kufungua duka la vitabu jijini Cape Town. Picha iliokolewa na maneno ya mtu asiyeweza kuiona akifumba macho. Ni nani basi atakayesema kwamba neno bila picha ni ganda tupu?

Mwaka wa 1937 Huxley na familia yake walihamia Marekani. Huko alianza mazoezi fulani ya macho, na mwaka wa 1942 akaandika kitabu cha kuyasifu. Madaktari wa macho waliyapinga, na hadi leo hayajathibitishwa kuwa tiba, kwa hivyo mwenye miwani asije akaitupa kwa kunisoma mimi! Mchapishaji Bennett Cerf alisimulia mwaka wa 1952 jinsi alivyomwona Huxley kwenye karamu moja akisoma hotuba kwa ufasaha, bila miwani. Mara akakwama. Akaisogeza karatasi karibu na macho, asione kitu, mwisho akatoa lenzi mfukoni. Kumbe hakuwa akisoma! Hotuba nzima alikuwa ameihifadhi kichwani, neno kwa neno. Wapo waliocheka. Nami nauliza: kati yetu ni wangapi wanaoweza kufanya hivyo wakiwa na macho mawili mazima?

Mnamo Mei 1953, chini ya uangalizi wa daktari, Huxley alijaribu dawa iitwayo mescaline, akitumaini kwamba angalau mara moja atafumba macho aone mandhari za ajabu kama walivyosimulia wengine. Haikuwa hivyo. Vitu vya nje vilimng'aria, lakini alichokiona alipofumba macho hakikumridhisha hata kidogo. Hili lisiwe kishawishi kwa yeyote kati yetu. Dawa za kulevya zimeharibu vijana wengi wenye vipaji, na kama tunavyoona, hata huyu hazikumpa alichokitafuta.

Miaka ya mwisho haikukosa majonzi. Maria, aliyekuwa macho yake, alifariki kwa saratani mnamo Februari 1955. Mwaka uliofuata Huxley alimwoa Laura Archera, mpiga fidla. Mei 1961 moto uliiteketeza nyumba yao huko Los Angeles, pamoja na vitabu, barua na kumbukumbu za maisha yake yote. Kwa mtu asiyeweza kuirejesha sura ya jana akilini, barua zile zilikuwa ndizo jana yenyewe. Hata hivyo alikuwa ameuokoa muswada wa riwaya yake ya mwisho, Island, uliotoka mwaka wa 1962. Alikata kauli tarehe 22 Novemba 1963 kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 69. Wengi hawakupata habari upesi, kwani siku hiyo hiyo Rais John F. Kennedy wa Marekani aliuawa kwa risasi. Mwaka wa 1971 majivu yake yalirudishwa Uingereza na kuzikwa karibu na alikozaliwa.

Wenzangu, tunajifunza nini? Kwanza, kwamba kusoma kuna milango mingi. Huxley alisoma kwa vidole, kwa masikio, kwa lenzi na kwa kuunganisha mawazo. Asiyeona picha akisoma, na asome kwa sauti. Aombe rafiki amsomee, naye amsomee mwenzake.

Pili, taswira katika fasihi hujengwa kwa maneno, na maneno yako pale kwenye ukurasa, kila mtu anayaona. Ukiambiwa kwamba mzee fulani ni mwembamba mithili ya ung'ong'o, usihangaike kumwona. Jiulize: kwa nini mwandishi akachagua ung'ong'o na si sindano? Ung'ong'o hukauka, huvunjika upesi, na hutoka katika mti uliowahi kuwa kijani. Huo tayari ni uchambuzi, tena wa kupata alama. Jiulize pia ni hisi gani inayoguswa, maana taswira si ya macho pekee. Zipo za harufu, za sauti, za ladha na za mguso.

Tatu, kichwa kikikosa ubao, daftari lipo. Ramani ya jiografia, moyo wa baiolojia, njia ya damu, vyote vichore kwenye karatasi mara tatu au nne, mpaka mkono uvijue hata kama akili haivioni.

Na walimu wetu wapendwa, tunaomba jambo moja kwa heshima. Mkituambia tufumbe macho tuone, mkumbuke kwamba katika darasa la wanafunzi 50 huenda yupo mmoja ambaye giza lake ni la kweli. Msimhesabu kuwa mvivu. Mwulizeni anajuaje anachokijua. Huenda kabati lake lina droo nyingi kuliko zetu sote.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwaherini, na masomo mema.